Saa ya Kuamka: Kumtunza Mgonjwa Aliyetoka Kupasuliwa

 Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali pake, na penseli iko tayari. Nanyi mtakaoyasoma maneno haya katika karatasi baada ya kipindi, yasomeni polepole, na mahali msipoelewa mwulizeni mwalimu wenu.

Kabla hatujaanza, mwalimu aandike ubaoni maneno manne: PUMZI. ULIMI. KIUBAVU. KUAMKA. Yasomeni pamoja kwa sauti. Maneno hayo manne ndiyo somo letu la leo.

Leo tutazungumza habari za mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa hospitali, ambaye sasa anaamka kutoka katika dawa ya usingizi. Huenda mtu akauliza, "Habari hizi zanihusu nini mimi, nami si muuguzi?" Jibu ni hili. Leo ni mgonjwa wa jirani, kesho ni mama yako, au mwanao, au wewe mwenyewe. Tena jambo utakalofanya wewe uliye jamaa yake laweza kumsaidia kupona au kumwua.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya operesheni ni kisu. Jamaa hukaa nje kwenye benchi, mioyo inawadunda. Mlango ukifunguliwa na kusikia kwamba kazi imekwisha, hushukuru Mungu na kusema, "Amepona." Lakini muuguzi aliye ndani hasemi hivyo bado. Yeye anajua kwamba sasa inaanza saa nyingine inayotaka macho makali: saa ya kuamka.

Dawa ya usingizi inafanya nini?

Dawa hii wengine huiita nusukaputi. Usingizi wake si kama usingizi wako wa usiku. Ukilala nyumbani na mbu akakuuma, unajipiga kofi. Mate yakikupalia, unakohoa na kuamka. Mwili wako una walinzi ambao hawalali hata wewe ukilala. Lakini dawa ya usingizi huwalaza walinzi hao pia. Ndiyo maana daktari aweza kupasua na mgonjwa asisikie maumivu.

Operesheni ikiisha, walinzi hao hawaamki wote kwa mara moja. Mgonjwa aweza kufumbua macho, akakutazama, hata akataja jina lako, na huku koo lake bado limelala. Hapo ndipo pana hatari, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ulimi. Ulimi ni nyama nzito. Mtu aliyelegea kabisa akilazwa chali, ulimi wake huanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Utamsikia akikoroma kwa shida. Watu husema, "Ah, mwacheni, amelala vizuri." Sivyo! Mkoromo huo maana yake njia ya hewa imekuwa nyembamba. Mkoromo ukinyamaza ghafula na kifua kikawa bado kinahangaika, basi njia imezibika kabisa.

Sababu ya pili ni matapishi. Kooni mna njia mbili, moja ya chakula na moja ya hewa. Ukimeza, njia ya hewa hufungwa kwa kifuniko kidogo. Kitu kikikosea njia, unakohoa mpaka kitoke. Lakini aliyepewa dawa ya usingizi hakohoi. Akitapika, au akipewa maji kabla ya wakati, maji au matapishi hayo yanaweza kushuka moja kwa moja mpaka kwenye mapafu. Maji ya tumboni ni makali, nayo huunguza mapafu.

Mambo haya watu walijifunza kwa uchungu. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, mganga wa meno William Morton alionyesha mbele ya madaktari jinsi mvuke wa etha unavyoweza kumlaza mgonjwa hata akapasuliwa. Mwaka uliofuata, daktari James Young Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia dawa nyingine, klorofomu. Habari zikaenea kila mahali, watu wakafurahi mno.

Lakini tarehe 28 Januari 1848, karibu na Newcastle huko Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alipewa klorofomu ili aondolewe ukucha wa kidole cha mguu. Ukucha tu! Hali yake ikabadilika ghafula. Waliokuwapo wakamnyunyizia maji usoni, kisha wakamtia maji na brandi kinywani ili azinduke. Akafa. Madaktari walibishana. Simpson alisema kilichomwua ni ule mvinyo na maji aliyotiwa kinywani, maana hakuweza kumeza. Daktari John Snow alisema ni klorofomu iliyousimamisha moyo. Yeyote kati yao aliyesema kweli, funzo moja limebaki mpaka leo: usimtie mtu chochote kinywani kabla hajaamka sawasawa.

Nasi tuna methali isemayo, "Mgonjwa haulizwi uji." Ni methali ya upendo. Maana yake, usingoje mgonjwa aombe. Mpe tu, maana anahitaji. Lakini kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa sasa hivi, methali hiyo na ingoje kidogo. Kwake yeye, anayeulizwa ni muuguzi. Midomo ya mgonjwa itakuwa mikavu, naye atasema, "Nina kiu, nipeni maji." Utamwonea huruma. Mwambie, "Vumilia kidogo, mama, nakwenda kumwuliza nesi." Ukikubaliwa, mpe kwa kunywa kidogo kidogo, kichwa kikiwa kimeinuliwa, naye awe macho kabisa.

Kabla ya operesheni

Hatari ya matapishi yaanza kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha operesheni. Mwaka 1946, daktari Curtis Mendelson wa New York aliandika habari za akina mama waliojifungua katika hospitali yake toka 1932 mpaka 1945. Katika mimba 44,016, aliona akina mama 66 ambao, wakiwa wamelazwa kwa dawa, vitu vya tumboni viliingia katika mapafu yao. Wawili walikufa kwa sababu chakula kigumu kiliziba njia ya hewa. Baada ya hapo madaktari wakakaza amri: asiyefunga kula asipewe dawa ya usingizi, isipokuwa kwa haja ya kuokoa maisha haraka.

Kwa kawaida siku hizi mtu mzima huambiwa asile chakula muda wa saa 6 kabla ya operesheni, na asinywe hata maji matupu muda wa saa 2 kabla. Haya, tupige hesabu. Operesheni ni saa nne asubuhi. Rudini nyuma saa sita. Mwisho wa kula ni saa ngapi? Naam, saa kumi alfajiri. Na mwisho wa maji? Saa mbili asubuhi. Lakini hospitali yako ikikupa saa nyingine, shika hiyo uliyopewa.

Angalieni neno hili. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula pia. Wapo watu wanaomwibia mgonjwa kikombe cha chai asubuhi ili "apate nguvu", kisha wanamwambia muuguzi, "Hajala kitu." Huo ni uongo wa huruma, lakini waweza kuua. Kama mgonjwa amekula, au mtoto amepewa andazi bila wewe kujua, sema kweli. Hutapigwa. Operesheni itasogezwa mbele, basi. Saa chache za kungoja ni afadhali kuliko mapafu yaliyounguzwa.

Kazi ya muuguzi katika chumba cha kuamkia

Karibu na chumba cha operesheni, hospitali nyingi zina chumba cha kuamkia. Bibi Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa Uingereza, alikwisha kuandika mwaka 1863 habari za chumba kidogo cha namna hiyo katika baadhi ya hospitali. Baada ya Vita Kuu ya Pili vyumba hivi vilizidi kuenea, kwa kuwa madaktari walipochunguza waliona kwamba vifo vingi vya saa za kwanza baada ya operesheni vingeweza kuzuiwa, kama mtu angekuwapo anatazama.

Kutazama ndiyo kazi yenyewe. Muuguzi hamwachi mgonjwa asiyeamka, hata kwa dakika moja. Kama mgonjwa hana jambo la kuzuia, humlaza kiubavu, bila mto chini ya kichwa, ili ulimi usianguke nyuma na matapishi yatoke nje. Akisikia mkoromo, humwinua kidevu na kuisukuma taya mbele. Karibu naye ana mashine ya kufyonza mate na matapishi, na hewa ya oksijeni. Huhesabu pumzi, hushika mkono kusikia mapigo ya moyo, hupima msukumo wa damu. Mwanzoni hupima tena na tena, kila baada ya dakika chache. Huinua shuka kutazama kama bandeji imelowa damu. Hutazama dripu kama inakwenda, na mpira wa mkojo kama unatoa mkojo.

Mgonjwa mara nyingi huamka akitetemeka. Jamaa hudhani ni homa au degedege. Mara nyingi ni baridi, kwa sababu dawa imepunguza nguvu ya mwili kujitia joto, na chumba cha operesheni kina baridi. Muuguzi humfunika blanketi. Wengine huamka wakilia, wakicheka, au wakisema maneno yasiyo na maana. Yaacheni maneno hayo humo humo chumbani. Si siri za kupeleka kijijini. Tena kumbukeni kwamba masikio yaweza kuanza kusikia kabla macho hayajafunguka. Basi usisimame kitandani ukasema, "Huyu hataiona kesho."

Utamsikia muuguzi akiita kwa sauti kubwa: "Mzee! Fumbua macho! Vuta pumzi ndani! Kohoa!" Usimkasirikie ukadhani hana adabu kwa wazee. Anawaamsha wale walinzi tuliowataja.

Hesabu ya kuamka

Je, muuguzi ajuaje kwamba mgonjwa ameamka kiasi cha kupelekwa wodini? Hakisii. Mwaka 1970, daktari J. Antonio Aldrete na mwenzake Diane Kroulik walitoa hesabu rahisi, nayo bado yatumika katika nchi nyingi. Kuna mambo matano, na kila jambo hupewa 0, 1 au 2. Andikeni.

Jambo la kwanza ni viungo. Mgonjwa akiambiwa asogeze mikono na miguu, akaisogeza yote minne, apata 2. Akisogeza viwili tu, 1.

La pili ni pumzi. Akivuta pumzi ndefu na kukohoa vizuri, 2. Akihema kwa shida, 1. Asipopumua, 0.

La tatu ni msukumo wa damu. Ukiwa karibu sawa na ule wa kabla ya operesheni, 2.

La nne ni akili. Akiwa macho kabisa, 2. Akiamka anapoitwa tu, 1. Asipojibu, 0.

La tano zamani lilikuwa rangi ya mwili. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, rangi hutazamwa katika midomo, ulimi, kucha na viganja. Mwaka 1995 Aldrete alibadili jambo hili la tano likawa kipimo cha oksijeni katika damu. Ni kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kutoa taa nyekundu. Asili ya kifaa hicho ni kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani, ambaye mwaka 1974 alipata njia ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga, bila kuchoma sindano. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupata 95 mpaka 100. Ikishuka chini ya 90, ni hatari.

Sasa jumlisheni. Bibi mmoja amepata viungo 1, pumzi 2, msukumo wa damu 2, akili 1, oksijeni 2. Jumla ni ngapi? Ni 8. Kwa kawaida hutakiwa 9 au 10. Basi bibi huyu hatoki bado. Jamaa wakigonga mlango na kuuliza, "Mbona mnamkawiza?" jibu ni kwamba hesabu haijatimia.

Aliyepigwa ganzi mgongoni

Akina mama wengi wanaopasuliwa ili kujifungua hawalazwi usingizi. Hupigwa sindano ya ganzi mgongoni, wakawa macho wakati wote. Huyu naye ataka kutunzwa. Msukumo wa damu waweza kushuka, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Miguu yake imekufa ganzi, hivyo asijaribu kusimama peke yake, hata akitaka sana kwenda kumwona mtoto. Tena muuguzi atambonyeza tumbo na kutazama damu inayotoka. Mama akisikia uvuguvugu unazidi chini ya shuka, asinyamaze kwa haya. Aite mara moja.

Wewe uliye jamaa, wodini

Mgonjwa akifika wodini hatari imepungua, haijaisha. Mwaka 2016 madaktari wa nchi 25 za Afrika waliwafuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa. Kati ya wagonjwa 239 waliokufa, 225 walikufa baada ya siku ya operesheni kupita. Someni tena tarakimu hizo. Maana yake ni kwamba wengi walitoka wazima katika chumba cha operesheni, wakaharibikiwa baadaye. Wodini muuguzi mmoja huwa na wagonjwa wengi, na macho yake ni mawili tu. Macho ya jamaa yanaweza kumsaidia.

Ukikubaliwa kukaa na mgonjwa, tazama mambo haya. Hesabu pumzi zake dakika nzima, ukitazama kifua kikipanda na kushuka. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta pumzi 12 mpaka 20. Dawa kali za maumivu, kama mofini, zaweza kupunguza pumzi. Basi ukihesabu chini ya 10, mwite muuguzi. Mwite pia ukiona mgonjwa hajibu anapoitwa, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, bandeji inazidi kulowa damu, mwili ni baridi wenye jasho, au hajapata mkojo kwa saa nyingi. Usingoje asubuhi. Kama anakoroma kwa shida, paza sauti kuita, na huku umwinue kidevu ili hewa ipite.

Akisema anaumwa, mwambie muuguzi. Kuvumilia maumivu si ushujaa hapa. Mwenye maumivu makali huogopa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, na mapafu yasiyofunguka hupata ugonjwa.

Wengine hupasuliwa na kurudi nyumbani siku ile ile. Hao, muda wa saa 24, wasiendeshe gari wala pikipiki, wasishike mashine, wasinywe pombe, wala wasitie sahihi karatasi ya shamba au ya fedha. Akili huonekana imerudi, kumbe sehemu yake bado iko njiani. Mtu mzima mmoja alale karibu naye.

Mwisho, nataka mjue kwamba kazi hii ya kukumbushana inaleta faida. Toka 2007 mpaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi ya maswali ya kusomwa kwa sauti wakati wa operesheni katika hospitali 8 za dunia. Moja ilikuwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Ifakara, Tanzania. Kabla timu haijatoka chumbani, hutajiana mambo ya kuangaliwa mgonjwa anapoamka. Katika hospitali hizo zote pamoja, vifo vilishuka toka 15 katika kila wagonjwa 1,000 mpaka 8. Karatasi, kalamu, na watu wanaojua kusoma. Nanyi mnajifunza kusoma.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini mkoromo wa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa si dalili ya usingizi mzuri?

2. Operesheni ni saa tatu asubuhi. Mwisho wa kula ni saa ngapi?

3. Mgonjwa amepata viungo 2, pumzi 1, msukumo wa damu 2, akili 1, oksijeni 1. Jumlisha. Je, aende wodini?

4. Mama yako ametoka kupasuliwa, anaomba maji. Utamwambia nini? Utamwuliza nani?

5. Mwalimu ashike saa. Kila mmoja ahesabu pumzi za mwenzake dakika moja na kuandika tarakimu.

Leo usiku mwelezeni mtu mmoja nyumbani mambo mliyojifunza.